Kufunga, Kufungwa na Kufungishwa: Kiswahili cha Msimu Mbaya wa Klabu ya Bandari, 2019/2020

1. Utangulizi

Lugha ya michezo ni miongoni mwa rejesta zinazofundishwa kwa wepesi mno vyuoni. Aghalabu mwanafunzi hupewa orodha ya msamiati, kama vile mwamuzi, kipa, penalti, kona na sare, kisha huambiwa kwamba rejesta hiyo (ambayo wengine huiita sajili) ina msisimko, ina urudiaji na huchanganya ndimi. Maelezo hayo si ya uongo. Hata hivyo, hayamwonyeshi mwanafunzi kazi inayofanywa na lugha hiyo pale mambo yanapoharibika. Timu inapokuwa inashinda, kila mtu husema jambo moja. Timu inaposhindwa, lugha hulazimika kujibu swali gumu: ni nani aliyeshindwa?

Makala haya yanachunguza swali hilo kwa kuitazama klabu ya Bandari ya Mombasa katika msimu wa 2019/2020. Klabu hiyo inamilikiwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Uwanja wake wa Mbaraki uko kisiwani, lakini sehemu kubwa ya mashabiki wake hutoka ng'ambo: Likoni wanakovuka kwa feri, Changamwe wanakopitia Makupa, na Kisauni wanakopitia daraja la Nyali. Kwa wakazi wa pande hizo tatu, Bandari ni jina la timu na pia ni jina la mahali panapowapa watu riziki. Kwa sababu hiyo, msimu mbaya wa timu hii ni kielelezo kizuri cha namna sarufi ya Kiswahili inavyogawa sifa na lawama.

Ikumbukwe kwamba sentensi za mifano zilizomo humu zimetungwa kwa ajili ya kufafanua hoja. Hazikunukuliwa kutoka kwa mtu yeyote. Hata hivyo, kila moja imejengwa kwa maneno ambayo msikilizaji wa redio au msomaji wa kurasa za michezo atayatambua mara moja.

2. Msimu wenyewe kwa muhtasari

Hakuna msimu mbaya usiokuwa na matumaini nyuma yake. Bandari ilimaliza Ligi Kuu ya Kenya ya mwaka 2018 ikiwa ya pili nyuma ya Gor Mahia. Kalenda ya ligi ikabadilishwa, msimu mpya ukaanza Desemba 2018, na Bandari ikamaliza tena ya pili nyuma ya Gor Mahia hiyo hiyo. Januari 2019 ilifika fainali ya Kombe la SportPesa jijini Dar es Salaam, ambako ilishindwa na Kariobangi Sharks. Mwaka huo huo wa 2019 ikatwaa Ngao ya Shirikisho la Soka la Kenya na kupata nafasi ya kushiriki Kombe la Shirikisho barani Afrika.

Mafanikio hayo yalikuwa na uzito wa kihistoria. Tangu Feisal ya Mombasa itwae ubingwa wa Kenya mwaka 1965, hakuna klabu nyingine ya Pwani iliyokuwa imelirejesha taji hilo kufikia wakati huo. Kwa shabiki wa Shika Adabu au Magongo, kushika nafasi ya pili mara mbili kulimaanisha kwamba ya tatu haiwezi kukosa kuwa ya kwanza.

Haikuwa hivyo. Katika mashindano ya Afrika, Bandari iliiondoa Al Ahly Shendi ya Sudan kwa kanuni ya bao la ugenini, kisha ikaiondoa US Ben Guerdane ya Tunisia. Ilipofika hatua ya mchujo wa kuingia makundi, ikatolewa na Horoya ya Guinea. Huku nyumbani, ligi ilikwenda kombo. Kipa Farouk Shikalo alikuwa amehamia Yanga ya Tanzania katikati ya mwaka 2019. Katikati ya msimu kocha Bernard Mwalala na klabu wakaachana. Timu iliyotarajiwa kugombea ubingwa haikuwa tena miongoni mwa wagombea.

Aidha, ligi yenyewe ilikuwa na matatizo yake. Agosti 2019 kampuni ya SportPesa iliondoa udhamini wake baada ya kukosa kuongezewa leseni, na klabu kadhaa zikashindwa kujikimu. SoNy Sugar iliondolewa ligini baada ya kukosa kufika mechini mara tatu. Machi 2020 michezo ikasimamishwa kwa ajili ya janga la korona, na Aprili 30, 2020 Shirikisho likatangaza kwamba ligi imekwisha na kwamba Gor Mahia ndiyo bingwa. Msimu wa Bandari, kwa hivyo, haukuporomoka hadi chini wala haukupata nafasi ya kujirekebisha. Ulikatika.

3. Neno "msimu" katika Pwani

Kabla ya kuchunguza lawama, inafaa kulitazama neno lenyewe. "Msimu" limetoka katika Kiarabu, na asili hiyo hiyo ndiyo iliyowapa Wazungu jina la pepo za Bahari ya Hindi. Kwa wakazi wa mwambao, msimu ulikuwa kwanza ni majira ya upepo: kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, nayo kusi hushika nafasi yake katika miezi ya katikati ya mwaka. Majahazi yalikuja kwa upepo mmoja na kurudi kwa mwingine. Nahodha aliyechelewa aliukosa msimu, na akalazimika kungoja.

Katika matumizi hayo ya kale, msimu mbaya hauna mtuhumiwa. Upepo haukumfukuza mtu wala haukumsajili mtu. Katika rejesta ya soka neno limebaki lile lile, lakini maana imebadilika. Msimu wa soka ni kipindi cha hesabu ambacho mwisho wake kuna jedwali, na jedwali humtaja aliye juu na aliye chini. Hata hivyo, maana ya kale haijafutika kabisa. Mzee wa Mtongwe anaposema "msimu huu si wetu", ameuchukua ule msimu wa upepo na kuutia katika soka. Hakumlaumu kipa wala kocha. Amesema tu kwamba majira yamegeuka, na ndani ya kauli hiyo mna tumaini kwamba yatageuka tena.

Nahodha naye amepitia mabadiliko kama hayo. Katika soka ni mchezaji anayewaongoza wenzake uwanjani. Katika mji mwingine sitiari hiyo imekufa, yaani watu hulitumia neno bila kukumbuka chombo cha baharini. Mombasa, ambako meli huonekana kutoka kwenye feri, sitiari haijafa, na ndiyo sababu mashabiki hurefusha mlolongo wake kwa urahisi: timu inazama, chombo kinaenda mrama, nahodha ameacha usukani.

4. Mnyambuliko wa mzizi -fung- na mgawanyo wa lawama

Kitenzi kinachobeba soka ya Kiswahili ni "funga". Mwanafunzi wa mofolojia anaweza kujifunza sehemu kubwa ya mnyambuliko kwa kukifuata kitenzi hiki katika msimu mmoja. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila kauli humweka mtu tofauti mahali pa kiima, na anayekaa mahali pa kiima ndiye anayeonekana kuwa mwenye habari.

(a) Kauli ya kutenda: "Bandari ilifunga bao." Mtenda ndiye kiima, naye hupata sifa.

(b) Kauli ya kutendwa: "Bandari ilifungwa." Aliyeshindwa ndiye kiima. Mfungaji anaweza kutajwa baadaye kwa "na", au asitajwe kabisa. Kauli hii huileta timu iliyoshindwa mbele na kuiacha peke yake.

(c) Kauli ya kutendana: "Timu hizo zilifungana bao moja kwa moja." Hapa hakuna mshindi wala mshinde. Uzito umegawanywa sawasawa, kama inavyostahili katika sare.

(d) Kauli ya kutendea: "Mshambuliaji aliifungia Bandari bao." Kiambishi -i- huonyesha aliyenufaika. Lakini tazama kitendwa chake: "Mchezaji alifungiwa mechi tatu." Umbo ni lile lile, bali sasa aliye mbele ya sentensi ameadhibiwa. Maana imetoka kwenye bao na kurudi kwenye mlango uliofungwa.

(e) Kauli ya kutendeka: "Kipa huyu hafungiki." Ni sifa inayotolewa katika msimu mwema, na ndiyo inayokumbukwa kwa uchungu katika msimu mbaya.

(f) Kauli ya kutendesha: "Kipa alifungisha." Kauli hii inahitaji kuangaliwa kwa makini.

Katika hali ya kawaida kiambishi -ish- humwongeza mhusika katika sentensi. Mtoto anakula, mama anamlisha mtoto. Wahusika walikuwa mmoja, sasa wawili. Katika "kipa alifungisha bao la pili", hata hivyo, kuongezwa kwa mhusika mmoja kumewafuta wengine wote. Mfungaji halisi ametoweka. Beki aliyepoteza mpira hayupo, wala kiungo aliyeshindwa kurudi nyuma, wala kocha aliyepanga safu, wala waliomuuza kipa wa zamani. Amebaki mtu mmoja, na kwa mujibu wa sarufi ndiye aliyesababisha.

Kwa mchezaji wa kulipwa, jambo hili si la nadharia. Mkataba wake hupimwa kwa sentensi kama hiyo inaporudiwa redioni wiki tatu mfululizo. Kipa yeyote anayemrithi mwenzake aliyesifiwa, kama ilivyokuwa kwa wale waliobaki baada ya Shikalo kwenda Yanga, huingia uwanjani akiwa tayari amewekewa kitenzi. Bao ambalo mtangulizi wake "angefungwa", yeye "amefungisha". Tofauti iliyopo kati ya maneno hayo mawili ni silabi chache, lakini la kwanza ni habari na la pili ni hukumu.

Kitenzi hiki kina mwisho mwingine unaofahamika. Anayeachishwa kazi husemwa "amefungishwa virago". Kiambishi cha kusababisha na kile cha kutendwa vimekutana katika neno moja: kuna aliyesababisha, lakini amefichwa, na aliyesababishiwa ndiye anayeonekana akibeba mzigo wake. Na Aprili 8, 2020, pale serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Kaunti ya Mombasa, vinywa vya watu vilisema kwamba Mombasa "imefungwa". Shabiki wa soka aliweza kulisikia neno hilo kwa masikio mawili.

5. Viambishi vya nafsi: tu-, wa- na i-

Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika vyuo vikuu vya Marekani. Waligundua kwamba wanafunzi walivaa mavazi yenye jina la chuo chao kwa wingi zaidi baada ya timu ya chuo kushinda. Walipohojiwa kwa simu, walielekea kutumia nafsi ya "sisi" zaidi waliposimulia ushindi kuliko waliposimulia kushindwa.

Matokeo hayo yanamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Katika Kiswahili kitenzi cha taarifa kwa kawaida hakisimami bila kiambishi cha kiima. Msemaji hana budi kuchagua, na machaguo yake makuu ni matatu: "tulishinda", "walishinda" na "ilishinda". La kwanza humtia msemaji ndani ya timu. La pili humtoa na kuwaweka wachezaji peke yao. La tatu hufuata ngeli ya neno "timu" na kuwaondoa watu wote, wakabaki klabu na matokeo. Zaidi ya hayo kuna "mlifungwa", linalotumiwa na mtani wa timu pinzani, ambalo humrudisha kwa nguvu shabiki aliyekwisha kujitoa.

Kwa hivyo, msimu unaweza kusomwa kwa kuvifuata viambishi. Julai 2019 ingekuwa "tunakwenda Afrika". Desemba ya mwaka huo huo ingekuwa "wameanza tena". Mtu hakubadilisha klabu. Alibadilisha silabi. Katika Kimvita, ambako wazee bado husema "twateza" pale ambapo Kiswahili sanifu husema "tunacheza", mabadiliko ni mafupi zaidi: kutoka "twateza" hadi "wateza". Herufi moja imeanguka, na shabiki ameondoka nayo.

Jambo hili lina uzito wa kijamii katika bara la Mombasa. Likoni ina Wadigo wengi. Changamwe, kwa sababu ya reli, bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoacha kazi hiyo mwaka 2013, ilikusanya wafanyakazi kutoka pembe zote za Kenya. Kisauni ina Wamijikenda, Waswahili na wahamiaji wa kila asili. Kiambishi "tu-" cha ushindi huwakusanya wote hao bila kuuliza mtu ametoka wapi. Kiambishi "wa-" cha kushindwa huweza kuwatenganisha, kwa kuwa mara tu shabiki anaposema "wao", huwepo hatari ya kuulizwa "wao nani?", na jibu likawa kabila au asili ya mchezaji. Kikosi cha Bandari kilikuwa na vijana wa Pwani, wa bara na wa nchi jirani. Mwalimu anayefundisha viambishi vya nafsi ana nafasi hapa ya kuonyesha kwamba sarufi inaweza kuwa mlango wa ubaguzi, na kwamba mlango huo unaweza kulindwa.

6. Vitenzi vya kupiga na vitenzi vya kuteleza

Rejesta ya soka ya Kiswahili ina utajiri mkubwa wa visawe vya kushindwa. Timu hutandikwa, hucharazwa, hukung'utwa, hunyukwa, hulazwa, hupepetwa, hulimwa na kuadhibiwa. Vitenzi hivi vina asili za karibu sana na maisha ya nyumbani. Kucharaza ni kwa bakora. Kukung'uta ni kwa mkeka wenye vumbi. Kupepeta ni kwa ungo, na kulima ni kwa jembe. Vyote huja katika kauli ya kutendwa, na katika kila kimoja aliyeshindwa hana mkono wala mguu. Amekuwa mtoto mtundu, mkeka au nafaka.

Kwa upande wa pili kuna vitenzi ambavyo humwacha aliyeshindwa akiwa mtenda: kuteleza, kujikwaa, kuyumba, kupepesuka. "Bandari yateleza" na "Bandari yacharazwa" zinaweza kuwa taarifa za mechi moja yenye matokeo yale yale. Ya kwanza hudokeza kwamba timu ni nzima, ila imekanyaga pabaya; mtu aliyeteleza hunyanyuka. Ya pili hudokeza kwamba timu imefunzwa adabu. Mwandishi huchagua kitenzi kulingana na matarajio yake. Timu iliyoshika nafasi ya pili misimu miwili huanza kwa kuteleza, kisha huyumba, na ikiwa matokeo hayabadiliki, siku moja vichwa vya habari huanza kuicharaza. Mwanafunzi anayekusanya vichwa vya habari vya msimu mzima, akavipanga kwa tarehe, ataweza kuonyesha ni wiki gani waandishi walikata tamaa, hata kama hakuna aliyeandika kwamba amekata tamaa.

Lipo kundi la tatu, ambamo kiima si mtu wala timu: "mpira ulikataa", "bahati haikuwa yetu", "goli liligoma". Wengine huyaona maneno haya kuwa visingizio. Hata hivyo, yana faida yake. Mpira ambao "ulikataa" hauwezi kufukuzwa kazi. Lugha imepata pa kuiweka lawama mahali ambapo haitamuumiza mtu.

7. Jina lenye maana mbili

Sehemu kubwa ya makali ya msimu huu ilitokana na jina la klabu. Agosti 2019, mwezi ule ule ambao Bandari ilianza safari ya Afrika, mamlaka za serikali zilitangaza kwamba mizigo yote ya kuelekea Nairobi na bara isafirishwe kwa reli ya kisasa. Agizo hilo liliwagusa moja kwa moja madereva wa malori, utingo, makarani wa yadi za makontena, mafundi wa magari na mama lishe wa Changamwe, Jomvu na Miritini. Maandamano yakafanyika mjini, yakirudiwa siku za Jumatatu. Oktoba 2019 serikali ikaliahirisha agizo hilo.

Wakati huo huo, timu ya Bandari ilicheza mechi zake za "nyumbani" za Kombe la Shirikisho katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, takriban kilomita 480 kutoka Mbaraki. Hakuna uhusiano wa kisababishi kati ya mambo haya mawili. Mechi zilipelekwa Nairobi kwa sababu za viwanja, na mizigo ikapelekwa kwa sababu za reli. Lakini lugha haikuweza kuyatenganisha. Sentensi "Bandari imepelekwa Nairobi" ilikuwa ya kweli mara mbili. "Bandari imetuacha" ingeweza kusemwa na shabiki aliyekosa nauli ya kwenda Kasarani, na ingeweza kusemwa na dereva ambaye lori lake lilikuwa limeegeshwa bila kazi. Katika maandishi, herufi kubwa hutofautisha timu na gati. Katika mazungumzo ya feri hakuna herufi kubwa.

Huu ni mfano wa utata wa kileksia ambao vitabu hueleza kwa sentensi zisizo na mahali wala wakati. Hapa utata una mahali na tarehe. Pia una historia. Mfanyakazi wa gatini aliitwa kuli, neno ambalo Shafi Adam Shafi alilifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1979 kuhusu wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar. Mombasa nayo ilikuwa na migomo yake, ukiwamo mgomo mkubwa wa Januari 1947. Jina la bandari katika masikio ya watu wa Mombasa halijawahi kuwa jina la michezo pekee. Timu inayolibeba hubeba pia madai ambayo haikuyaomba. Inaposhinda, hushinda kwa niaba ya watu wengi. Inaposhindwa, hupokea hasira ambazo baadhi yake hazikuwa zake.

8. Tasfida na methali

Ilielezwa hapo juu kwamba kocha na klabu "wakaachana". Msomaji makini atakuwa amekiona kiambishi -an-. Kauli ya kutendana huwatia pande zote mbili katika tendo moja, bila kusema ni nani aliyetangulia kumwacha mwenzake. Ni tasfida ya kisarufi. Ukilinganisha na "alipigwa kalamu", "alitimuliwa" au "aliachia ngazi", utaona kwamba kila usemi unatoa hukumu yake, ilhali "waliachana" unajizuia. Mwandishi asiyekuwapo chumbani wakati wa mazungumzo hutenda haki akilitumia.

Methali nazo huingia. Mashabiki hupenda kusema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo inapotumiwa juu ya timu iliyoshuka baada ya kusifiwa, huwa si pambo bali ni hoja: hudai kwamba chanzo cha kushuka ni kiburi. Hudai hivyo bila ushahidi, na uzuri wake humzuia msikilizaji kuuliza ushahidi uko wapi. Safari za Sudan, Tunisia na Guinea, kuondoka kwa wachezaji na kubadilika kwa benchi la ufundi, yote hayo hufunikwa na kata moja ya tembo. Methali nyingine, asiyekubali kushindwa si mshindani, hufanya kazi tofauti. Haitafuti chanzo. Humpa aliyeshindwa heshima ya kubaki uwanjani. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapofundishwa kwamba methali zina hekima, afundishwe pia kuuliza kila methali inamtetea nani na inamshtaki nani.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba msimu mbaya wa timu hausimuliwi kwa msamiati pekee. Husimuliwa kwa viambishi. Kauli ya kutendesha huweza kumtwisha mtu mmoja mzigo wa watu kumi na mmoja. Kiambishi cha nafsi huweza kumtoa shabiki katika timu yake bila mwenyewe kutambua. Kitenzi cha kupiga huweza kumfanya mchezaji aonekane mtoto wa kuchapwa, na jina la klabu huweza kuibeba hasira ya wilaya nzima.

Hili lina manufaa kwa ufundishaji. Vijana wengi wanaosoma Kiswahili katika shule za Likoni, Kisauni na Changamwe hukisikia zaidi redioni na uwanjani kuliko vitabuni. Baadhi yao watakuwa watangazaji na waandishi wa michezo, na wengine watakuwa wachezaji watakaotajwa katika sentensi hizo. Mtangazaji anayejua tofauti ya "alifungwa" na "alifungisha" hatalitumia la pili ila pale analoweza kulithibitisha. Huo ni uadilifu wa kazi, na msingi wake ni somo la mnyambuliko linalofundishwa shuleni.

Maswali ya mjadala

1. Nyambua vitenzi "shinda" na "piga" katika kauli zote zinazowezekana. Ni kauli ipi katika kila kitenzi inayotumika katika soka kwa maana isiyo ya kawaida?

2. Chagua timu moja na msimu mmoja. Kusanya vichwa vya habari ishirini vya gazeti la Kiswahili na uvipange kwa tarehe. Je, vitenzi vinabadilika lini, na ni tukio gani lililotangulia mabadiliko hayo?

3. "Sare" na "kufungana" hutumiwa kana kwamba ni visawe. Jadili tofauti zake za kisarufi na kimatumizi.

4. Linganisha matumizi ya "kocha" na "mwalimu" kwa mtu anayefunza timu nchini Kenya na Tanzania. Je, jina analoitwa linaathiri namna anavyolaumiwa timu inaposhindwa?